Kitasa Kinang'arishwa, Dirisha Limefungwa

Msimu wa mafua ukifika, ofisi na madarasa hujipanga. Chupa ya kitakasa mikono huwekwa mlangoni, vitasa hufutwa kwa dawa asubuhi na jioni, karatasi hubandikwa ukutani kuwakumbusha watu kunawa. Kisha watu thelathini huingia ndani, mlango hufungwa, madirisha hufungwa ili ubaridi wa kiyoyozi usipotee, na mazungumzo huendelea saa tatu mfululizo huku mmoja wao akikohoa. Kiyoyozi chenyewe, kile cha kawaida cha ukutani, hakiingizi hewa ya nje. Huvuta hewa ileile ya chumbani, huipoza, huirudisha kwa watu walewale.

Naandika haya kwa uchungu, maana ninaishi na mtu ambaye mapafu yake hayana akiba. Homa ya mafua itakayonilaza mimi siku mbili tatu, yeye inaweza kumfikisha kwenye mtungi wa oksijeni. Kwa hiyo virusi vinapitia wapi, kwangu si swali la udadisi. Nimesoma kadiri nilivyoweza, na nilipofika ni hapa: virusi vya mfumo wa upumuaji tunaambukizana hasa kupitia hewa tunayoivuta pamoja ndani ya majengo. Vitasa na meza vina sehemu yao, ila ni ndogo mno ukilinganisha na nguvu tunazovimwagia.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatokana na mchezo wa karata. Elliot Dick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitaka kujua mafua ya kawaida, yale yaletwayo na rinovirusi, hupita wapi. Waliwaketisha meza moja wanaume wenye mafua mazito na wanaume wazima, wakacheza poka kwa saa 12. Baadhi ya wazima waliachwa huru wajiguse watakavyo. Wengine walivalishwa vizuizi, kola pana shingoni au vifaa vya kukaza mkono, wasiweze kabisa kufikisha vidole puani wala machoni. Ingekuwa mikono ndiyo njia kuu, waliozuiwa wangesalimika na walio huru wangeugua. Haikuwa hivyo. Makundi yote mawili yaliambukizwa kwa kiwango kinachokaribiana, zaidi ya nusu kila upande.

Wakaongeza jaribio jingine. Karata, vibao na penseli za wagonjwa, vikiwa vimelowa kamasi, vilipelekwa chumba kingine kwa wanaume 12 wazima. Nao wakacheza saa 12 huku wakitakiwa kujigusa pua na macho mara kwa mara. Hakuambukizwa hata mmoja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1987, miaka zaidi ya thelathini kabla ya dunia nzima kuanza kufuta mifuko ya bidhaa kwa dawa.

Upande wa pili nao usikilizwe. Miaka ya 1970, Jack Gwaltney na Owen Hendley wa Chuo Kikuu cha Virginia walionyesha kwamba rinovirusi hiyohiyo inaweza kupita mkono kwa mkono, kamasi ikiwa mbichi kidoleni na mwenzake akajigusa pua muda mfupi baadaye. Mkono unaweza kuambukiza, hilo halina ubishi. Ninachouliza mimi ni ipi kati ya njia hizi inayobeba mzigo mkubwa katika maisha ya kila siku, pale ambapo hakuna mtafiti anayekuelekeza ujiguse pua.

Ili kuelewa kwa nini hewa ina nguvu hivyo, inabidi tuachane kwanza na picha ya chafya. Sote tunaijua: mtu anapiga chafya, matone yanaruka, yanaanguka mita moja au mbili mbele yake. Matone hayo yapo, tena yanaonekana, na ndiyo maana yanatutisha. Lakini mwili wa binadamu hutengeneza chembe za ukubwa mwingi tofauti, na kwa idadi, zilizo nyingi zaidi ni zile zisizoonekana kabisa. Nyingine huzaliwa ndani kabisa ya mapafu, vijia vidogo vya hewa vinapofunguka upya wakati wa kuvuta pumzi. Nyingine huzaliwa kooni, nyuzi za sauti zinapotetemeka. Si lazima kukohoa wala kupiga chafya. Kupumua kunatosha, kuongea huongeza, na sauti ikipanda chembe nazo huongezeka. Kuimba ni kuongea kwa sauti ya juu, kwa pumzi ndefu, bila kupumzika.

Ukubwa ndio unaoamua chembe itakwenda wapi. Maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita; unywele wa binadamu una unene wa maikromita kama 70 hivi. Tone la maikromita 100 hufika sakafuni ndani ya sekunde chache. Chembe ya maikromita 5 huhitaji kama nusu saa kushuka kutoka usawa wa mdomo katika hewa iliyotulia, na chembe ya maikromita 1 huhitaji karibu nusu siku. Tena hakuna chumba chenye watu ambacho hewa yake imetulia kweli. Joto la miili yetu peke yake huinua hewa juu, mlango ukifunguliwa huivuruga, feni huitawanya. Chembe hizo ndogo zinapanda, zinazunguka, zinasambaa. Kirusi cha UVIKO-19 kina upana wa kama sehemu moja ya kumi ya maikromita, hivyo kinapata nafasi tele ndani ya chembe ya maikromita 1, kikiwa kimefungwa katika chumvi na protini zilizobaki baada ya maji kukauka.

Fikiria moshi wa sigara. Ukisimama uso kwa uso na mvutaji, moshi unakupiga mzito. Ukirudi nyuma hatua tatu, unapungua. Lakini mkikaa naye saa moja katika chumba kilichofungwa, aliye kona ya mbali naye atanuka moshi, na atakayeingia baada ya mvutaji kuondoka ataunusa pia. Nje, penye upepo, moshi huohuo hupotea mara moja. Pumzi hufuata njia hiyohiyo. Mfano huu unafuta hoja moja niliyoisikia mno: kwamba kwa kuwa watu walio karibu ndio huambukizwa zaidi, basi lazima ni matone yanayoanguka. Sivyo. Hata kinachoelea huwa kizito zaidi karibu na kinapotoka.

Swali linalonisumbua ni kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo kulikubali hili, ilhali maarifa yalikuwepo.

Karne ya 19 watu waliamini magonjwa huletwa na hewa mbaya itokayo kwenye uozo na mabwawa. Vijidudu vilipogunduliwa, wazo hilo lilianguka, na likaanguka na kila kitu kilichokuwa na harufu ya neno hewa. Mwaka 1910 Charles Chapin, afisa wa afya wa jiji la Providence nchini Marekani, alitoa hoja kwamba magonjwa mengi huenezwa kwa mgusano na kwa matone ya karibu. Alikuwa na sababu nzuri kwa wakati wake. Lakini pia alihofia kwamba watu wakiendelea kuamini hewa ndiyo njia kuu, hutaweza kuwafundisha kuepuka mgusano. Nikiisoma hoja hiyo leo naona kitu cha kusikitisha: mkakati wa kuelimisha umma uligeuka kuwa ukweli wa kisayansi, na vizazi vya madaktari vikaurithi.

William Wells, mhandisi na mtafiti, alijaribu kuurekebisha. Mwaka 1934 alieleza kwa hesabu kwamba tone kubwa huanguka kabla ya kukauka, na tone dogo hukauka kabla ya kuanguka, likabaki hewani kama kiini chepesi. Mpaka kati ya makundi hayo aliuweka karibu na maikromita 100. Baadaye yeye na Richard Riley walisimamia jaribio ambalo hadi leo linanistaajabisha. Katika hospitali moja ya Baltimore, kuanzia mwaka 1956, hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu ilipitishwa kwenye mabomba hadi chumba cha juu walikofugwa simbilisi. Wanyama hao hawakuwahi kumwona mgonjwa wala kugusa chombo chake. Walipata hewa yake tu, nao wakaambukizwa mmoja baada ya mwingine, mwezi hadi mwezi. Kundi jingine lilipewa hewa hiyohiyo baada ya kupigwa na mionzi ya urujuanimno, inayoua vijidudu. Katika kundi hilo hakuna aliyeambukizwa. Kifua kikuu huletwa na bakteria, si virusi, lakini chembe inayoelea haibagui abiria wake.

Hapo ndipo kosa la ajabu likazaliwa. Vijidudu vya kifua kikuu ni lazima vifike ndani kabisa ya mapafu ili viambukize, na chembe zinazoweza kufika huko ni zile zilizo chini ya maikromita 5. Baada ya miaka kupita, namba hiyo, iliyohusu kina cha mapafu, ikachanganywa na swali jingine kabisa, la chembe ipi huelea na ipi huanguka. Vitabu vikaandika kwamba chochote kinachozidi maikromita 5 huanguka karibu. Mtu yeyote wa fizikia angeshangaa. Wakati wa janga la UVIKO-19, Linsey Marr, mhandisi anayechunguza hewa, pamoja na Katie Randall na wenzao, walifukua nyaraka za zamani hadi wakapata mahali namba hiyo ilipopotoka.

Madhara yake hayakuwa ya vitabuni tu. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani liliutangazia umma kwamba UVIKO-19 hauenezwi kwa hewa. Julai mwaka huohuo Lidia Morawska na Donald Milton waliandika barua ya wazi iliyoungwa mkono na wanasayansi 239, wakiomba njia ya hewa itambuliwe. Kukubaliwa kulikuja polepole, kwa maneno ya kujihami, na mwaka 2024 ndipo shirika hilo lilipotoa msamiati mpya uliouacha mpaka wa maikromita 5. Sidhani kulikuwa na nia mbaya. Lakini katika miezi ile ya mwanzo, watu walitumia fedha na nguvu kunyunyizia barabara klorini, jambo ambalo shirika hilohilo lilishauri dhidi yake Mei 2020, wakati vyumba vya wagonjwa na madarasa vilibaki vimefungwa.

Na mifano ilikuwa tayari mezani. Mwaka 1977 ndege moja huko Alaska ilipata hitilafu ikakaa uwanjani kwa saa kadhaa, mfumo wa hewa ukiwa umezimwa muda mrefu. Ndani kulikuwa na watu 54, mmoja wao akiwa na homa ya mafua. Katika siku tatu zilizofuata, asilimia 72 ya waliokuwemo waliugua. Mwaka 1974 mtoto mmoja mwenye surua katika shule iliyo karibu na Rochester, jimbo la New York, aliambukiza wenzake 28, wengi wao wakiwa katika madarasa ambayo yeye hakuwahi kukaa. Mfumo wa hewa wa jengo ulikuwa ukizungusha hewa kutoka chumba hadi chumba. Surua, kwa kweli, haijawahi kubishaniwa: kirusi chake huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka.

Kisa cha kwaya ya Skagit Valley, katika jimbo la Washington, hunirudia mara nyingi zaidi. Tarehe 10 Machi 2020 watu 61 walifanya mazoezi ya kuimba kwa saa mbili na nusu. Mmoja alikuwa na dalili ndogo. Waliugua watu 53, kwa kuhesabu waliothibitishwa na waliodhaniwa, na wawili wakafariki. Watu walikuwa wameshajulishwa kuhusu virusi, vitakasa mikono vilikuwepo, salamu za mikono ziliepukwa. Walijihadhari na kila walichoambiwa wajihadhari nacho.

Turudi kwenye meza na vitasa. Mwanzoni mwa janga, utafiti wa maabara ulionyesha kirusi cha UVIKO-19 kikibaki hai juu ya plastiki hadi saa 72 na juu ya katoni hadi saa 24. Namba hizo zilizunguka dunia nzima na kuogofya watu. Kilichosahaulika ni kwamba kubaki hai si sawa na kutosha kuambukiza. Idadi ya virusi hupungua kila saa inayopita, sehemu tu huhamia kidoleni, sehemu ya sehemu hiyo hufika puani. Kwa homa ya mafua, utafiti wa mwaka 1982 uliona virusi vikidumu siku moja hadi mbili juu ya chuma, lakini vikifika mkononi hudumu dakika tano hivi. Aprili 2021 CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, kilikadiria kwamba kwa UVIKO-19, mguso mmoja wa sehemu iliyochafuliwa una uwezekano wa kuambukiza ulio chini ya 1 kati ya 10,000.

Hata hivyo virusi havifanani, na hapa sitaki msomaji aache kunawa. Kirusi cha RSV, kinachowatesa watoto wachanga, kina tabia tofauti. Mwaka 1981 Caroline Breese Hall na mwenzake walieleza jaribio la watu wazima waliojitolea kukaa na watoto wagonjwa. Waliowabeba na kuwahudumia waliambukizwa watano kati ya saba. Waliogusa tu vitu vya mtoto, yeye akiwa ameondolewa, waliambukizwa wanne kati ya kumi. Waliokaa mbali kidogo bila kugusa chochote, kumi na wanne, hakuna aliyeambukizwa. Kwa hiyo mwenye mtoto mchanga nyumbani anawe, tena anawe vizuri. Binadamu hujigusa uso bila kujijua: wanafunzi wa udaktari nchini Australia waliporekodiwa darasani, kila mmoja alijigusa uso mara 23 kwa saa kwa wastani.

Sabuni yenyewe ni chombo cha ajabu. Virusi vya homa ya mafua, RSV na UVIKO-19 vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuchana utando huo. Rinovirusi haina utando, ndiyo maana vitakasa vya spiriti huisumbua kidogo tu, na maji yanayotiririka pamoja na kusugua ndivyo huiondoa. Na kunawa hulinda dhidi ya magonjwa ya kuhara, jambo ambalo lingetosha hata kama mafua yasingekuwepo.

Tatizo la hewa ni kwamba haionekani, hivyo mtu hajui aanzie wapi. Mimi nilianzia kwenye kipimo kidogo cha hewa ya ukaa, kinachoingia mfukoni. Hewa ya nje ina sehemu kama 420 za gesi hiyo katika kila milioni. Pumzi tunayoitoa ina kama 40,000. Kwa hiyo chumba kikisoma 800, takriban asilimia moja ya kila unachovuta imeshatoka katika pafu la mtu mwingine. Kikisoma 2,000, ni asilimia nne. Vyumba vya mikutano vilivyojaa hufika huko kwa urahisi, na mara ya kwanza kuiona namba hiyo ikipanda wakati watu wakizungumza kwa furaha, nilihisi kama ukuta umesogea. Kipimo hiki kina mipaka: hakioni virusi, hakijui kama kuna kichujio kinachosafisha hewa, na hakikusaidii ukiwa umekaa pua kwa pua na anayekohoa. Lakini kinakwambia kama chumba kinapumua.

Kupumua kwa chumba hupimwa kwa idadi ya mara ambazo hewa inayolingana na ujazo wake huingia kwa saa. Wengi hudhani mara sita kwa saa maana yake kila dakika kumi hewa yote ni mpya. La, kwa sababu hewa mpya huchanganyika na ya zamani. Kwa mara sita kwa saa, kuondoa asilimia 99 ya kilichokuwemo huchukua dakika 46. Kwa mara mbili, huchukua zaidi ya saa mbili.

Hapo ndipo dirisha linapoonyesha thamani yake. Rod Escombe na wenzake walipima vyumba 70 vya hospitali nane za Lima, Peru, wakachapisha mwaka 2007. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ilibadilika mara 28 kwa saa kwa kipimo cha katikati. Mitambo katika vyumba maalumu vya kutenga wagonjwa hulenga mara 12. Na majengo ya zamani, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yaliyashinda ya kisasa: mara 40 dhidi ya 17. Waliojenga kale walikuwa na hofu ya hewa mbaya iliyotokana na nadharia potofu, lakini madirisha yao yalifanya kazi sawasawa.

Madirisha ya pande mbili yanayokabiliana hushinda dirisha moja kubwa. Feni katikati ya chumba huchanganya tu, ila feni iliyowekwa dirishani ikipuliza nje hutoa hewa kweli. Pasipofunguka, kuna vichujio vya HEPA, vinavyokamata asilimia 99.97 hata ya chembe za maikromita 0.3, zilizo ngumu kuliko zote kukamatwa. Mwaka 2020 Richard Corsi na Jim Rosenthal walibuni kisanduku kinachotengenezwa kwa feni ya kawaida, vichujio vinne na utepe wa gundi, na kinafanya kazi vizuri mno kwa gharama yake. Mionzi ya urujuanimno karibu na dari, ile ya Wells na Riley, ipo hadi leo na hutumiwa kidogo kuliko inavyostahili. Barakoa nayo husaidia, mradi ikae usoni bila mwanya, maana hewa hupita penye upenyo.

Mwaka 2023 ASHRAE, chama cha wahandisi wa mifumo ya joto na ubaridi majengoni chenye makao Marekani, kilitoa kiwango kipya cha hewa safi kwa ajili ya kupunguza maambukizi ndani ya majengo, na CDC ikapendekeza walau mabadiliko matano ya hewa kwa saa. Kumbi nyingi hazijawahi kupimwa kabisa. Ninapoalikwa kwenye kikao huuliza mapema kama madirisha yanafunguka, na naomba kikao kirefu kikatwe katikati: watu wote watoke dakika 15, kila kinachofunguka kiachwe wazi. Hewa ikibadilika mara sita kwa saa, muda huo huondoa zaidi ya robo tatu ya kilichokuwa kikielea kabla watu hawajarudi kukaa.